Mkutano wa Jikoni kwa Twila Jindra

Usiku wa kuhesabiwa kura Lavonne Pospisil alikataa katakata kwenda mjini kusimama kwenye korido ya jengo la mahakama pamoja na wagombea wengine, wote wakikodolea macho kioo cha mlango wa karani ambapo matokeo hubandikwa karatasi moja moja. Alisema miguu inamuuma. Miguu haikuwa na neno. Alichoogopa ni kushindwa mbele ya watu aliowalisha. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mpishi wa shule, na hapakuwa na mzaliwa wa Kaunti ya Ostrander mwenye umri chini ya miaka arobaini ambaye hakuwahi kula chili yake ya nyama na maharagwe na skonzi zake za mdalasini siku ya Alhamisi.

Basi wakasubiri jikoni kwake. Alikuwapo mumewe Gaylen, amejilaza kwenye kiti na kofia usoni. Alikuwapo binti yao Shawna, dereva wa basi la shule, aliyekuwa akitazama saa kwa sababu alfajiri ingemkuta barabarani. Na alikuwapo Twila Jindra, jirani wa ng'ambo ya kijito, aliyekuja na pai ya tufaha na alikuwa tayari ameila nusu yake peke yake kwa wasiwasi.

"Hiyo simu imekufa?" Twila aliuliza.

"Haijafa. Wanahesabu," alisema Lavonne.

"Kaunti nzima watu elfu moja na mia tisa, na nusu yao hata hawakutoka nyumbani. Wanahesabu nini mpaka saa hizi, punje za mahindi?"

"Twila, kaa chini bwana. Unanitia kizunguzungu."

Makamishna wa kaunti walikuwa watatu tu, wote wa kuchaguliwa, Delmar Voss akiwa mwenyekiti, na Twila alikuwa mmoja wao kwa mwaka wa nne sasa. Ndiye aliyemtia Lavonne maneno ya kugombea kiti kilichoachwa na mzee mmoja aliyehamia kwa mwanawe. Lavonne alisema yeye shule aliishia kati, hajui kusoma bajeti. Twila akamjibu kwamba mtu aliyewalisha watoto mia moja na themanini kila siku kwa pesa ile waliyokuwa wakimpa, bajeti anaijua kuliko wanaoiandika.

Simu ililia saa tano na robo. Alikuwa Marlys Tuma, karani wa kaunti.

"Kura tisa, Lavonne."

"Wamenishinda kwa kura tisa?"

"Wewe ndiye uliyeshinda, mama. Nenda kalale."

Twila alimkumbatia mpaka miwani ikapinda. "Sasa sisi wawili, Delmar peke yake!" alipiga kelele. "Kila asubuhi tunapanga mambo kwenye kahawa, ikifika saa nne kule mezani kazi imekwisha, tunapiga kura tu!"

"Masikini Delmar," alisema Gaylen kutoka chini ya kofia.

Hakuna aliyeona kosa katika maneno yale. Twila mwenyewe hakuliona, na yeye ndiye aliyepaswa.

Kahawa hiyo ilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Ilianza Shawna akiwa bado wa kubebwa. Kila asubuhi saa kumi na mbili, waume wakishatoka kwenda kwa ng'ombe, Lavonne alivaa koti, akateremka mteremko, akavuka daraja la mbao la kijito cha Plum, akaingia jikoni kwa Twila bila kubisha. Mwendo wa dakika saba. Alipoanza kazi ya shule walisogeza saa ikawa kumi na moja, na alipoiacha wakairudisha. Hapo ndipo walipozungumza kila kitu: uchungu wa kuzaa, ukame, mtoto wa Twila aliyekwenda jeshini akabaki hukohuko, na ule usiku wa baridi Verlyn, mume wa Twila, aliposhikwa na moyo zizini. Usiku ule Lavonne ndiye aliyekipakata kichwa chake juu ya majani makavu mpaka ambulensi ikafika. Ilivuka daraja la Plum, ikachukua dakika tisa. Daktari alisema ingechukua kumi na tano, wangekuwa wanazungumza mambo mengine.

Januari waliapishwa, Twila kwa mara ya pili, maana hakuwa na mpinzani. Baada ya kiapo wakili wa kaunti, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya kaunti tatu kwa pamoja na kila mara alionekana anachelewa kwingine, aliwagawia karatasi moja. Akaisoma kwa haraka. Makamishna ni watatu. Wawili ni wengi wa watatu. Kwa hiyo wawili wakizungumza jambo lolote la kaunti, mahali popote, huo ni mkutano, na mkutano lazima utangazwe gazetini, ubandikwe mahali patatu, karani aandike, na mwananchi yeyote aruhusiwe kuingia.

"Mahali popote?" aliuliza Lavonne.

"Popote. Hata kanisani."

"Na jikoni je?"

Wakili aliinua macho. "Hasa jikoni."

Lavonne alimtazama Twila. Twila alikuwa akitazama dirisha. Sheria ile alisomewa miaka minne nyuma, lakini wakati ule wenzake walikuwa Delmar Voss na yule mzee, watu ambao hakuwa na hamu ya kuzungumza nao hata mezani, sembuse nje. Sheria ya kumkataza kuzungumza na Delmar ilikuwa kama sheria ya kumkataza kula mchanga.

"Ulijua?" Lavonne alimuuliza Delmar koridoni.

Delmar, mwenyekiti, mfugaji, mtu wa maneno ya kupimwa, alivaa kofia yake kwanza. "Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Mlikuwa mnafurahi."

Walijaribu. Walisema watakunywa kahawa na hawatagusa mambo ya kaunti. Asubuhi ya kwanza walianza na hali ya hewa. Hali ya hewa ilikuwa theluji, theluji ikaleta greda, na greda ni ya kaunti. Wakaachana nayo. Wakaanza habari ya Verlyn na moyo wake. Moyo ukaleta ambulensi, na ambulensi ni ya kaunti. Shawna akaleta basi, basi likaleta barabara. Mbwa wa jirani, magugu ya miiba ya shemeji, paa la kanisa lililokuwa likiombewa kibali: kila walichokishika kilikuwa na kaunti ndani yake.

"Mdalasini unaweka kijiko kimoja au viwili?" aliuliza Twila mwisho.

"Thelathini na moja, Twila. Miaka thelathini na mmoja unajua ni viwili."

"Najua. Natafuta la kusema."

Wiki ya tatu barua ilitokea gazetini, ya mtu aliyejiita Mlipa Kodi, ikiuliza ni mkutano gani unaofanyika kila alfajiri kwa Jindra na kwa nini wananchi hawaalikwi. Delmar aliiweka mezani, ikakaa pale mkutano mzima. Jioni Twila alipiga simu. "Basi mwenzangu," alisema. "Miaka minne si mingi. Tutakuja kunywa tukiwa vibibi." Lavonne alicheka kidogo. Aliporudisha simu mahali pake alikaa akiishika bado.

Kwa hiyo wakabaki na kidole. Watu wa kule wakipishana na magari kwenye barabara za changarawe humnyanyulia mtu kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kimoja tu, na mtu wa mbali hupata kimoja kama ndugu. Twila alimnyanyulia Lavonne vinne. Ikawa ndiyo salamu yao.

Kazi yenyewe ilikuwa nyingi na ndogondogo. Simu zililia saa ya chakula cha jioni kwa sababu watu walijua kamishna yuko nyumbani. Kalavati limeziba. Greda imepita ikaacha tuta mbele ya geti. Choo cha uwanja wa maonyesho kinavuja, na maonyesho ni mwezi wa nane. Mwanamke mmoja alimpigia kila Jumatatu kulalamika kuhusu jogoo wa jirani, na ingawa kaunti haikuwa na sheria ya majogoo, Lavonne alimsikiliza, maana alijua mumewe alifariki siku ya Jumatatu. Alitembea kila barabara ya eneo lake na daftari lake la zamani la jikoni shuleni, lenye madoa ya nyanya. Ripoti alizisoma usiku mezani, polepole, kidole chini ya mstari, na neno asilolijua alilizungushia duara akamuuliza Marlys kesho yake. Marlys hakuwahi kucheka.

"Wenzako hawaulizi," alimwambia siku moja.

"Wao wanajua."

"Mimi ndiye ninayeandika kumbukumbu za mikutano, Lavonne. Hawajui."

Jambo la daraja lilianza kwa sauti. Basi la Shawna lilivuka daraja la Plum mara mbili kwa siku, likiwa na watoto kumi na wanne, na kwa miaka Lavonne alilisikia akiwa jikoni kwake: ngo, ngo, mbao mbili, kisha kimya, kisha anaendelea na kazi yake. Ilikuwa njia yake ya kujua kwamba mtoto wake amepita salama. Machi ile, barafu ya kijito ilipovunjika na kuteremka na maji, ikagonga nguzo siku mbili mfululizo. Baada ya hapo Lavonne alisikia tatu. Ngo, ngo, na nyingine nyuma yake, nzito.

"Unasikia?" alimuuliza Gaylen.

"Nasikia basi."

"Imekuwa tatu."

"Lavonne, mke wangu, wewe ukikosa la kuogopa unahesabu kelele."

Aliita msimamizi wa barabara, naye akaingia kijitoni na mabuti marefu, akatoka hana mzaha. Mhandisi aliletwa kutoka nje. Ripoti yake iliwafikia makamishna wote watatu siku ya Alhamisi: nguzo mbili zimeoza ndani, ya tatu imepigwa na barafu. Gari la zaidi ya tani tatu lisipite. Ambulensi ilikuwa tani tano. Basi lilikuwa zaidi ya kumi. Mkutano ulikuwa Jumanne, na mpaka siku hiyo Shawna alizungusha basi kwa njia ndefu.

Siku tano zile Lavonne hakulala vizuri. Alijua Twila atataka nini: kibao cha uzito, basi lizunguke, lakini ambulensi iachwe ipite siku ya shida, mara moja moja, itavuka tu. Naye Lavonne aliwajua watu wa kwao. Kibao cha uzito wangekisoma kama wanavyosoma kibao cha mwendo. Wakati wa mavuno malori ya mahindi yangepita usiku, na dereva wa basi wa zamu angekuja siku Shawna anaumwa, akafuata njia aliyoizoea. Daraja lililofungwa nusu limefunguliwa. Hilo alikuwa na hakika nalo. Na upande wa pili wa hakika hiyo alikuwa Verlyn, na maili kumi na moja za kuzunguka.

Alitaka kumwambia. Ijumaa alinyanyua simu akaiweka. Jumapili kanisani walisimama mita mbili mbali, kila mmoja na sahani ya keki mkononi, na Twila akamtabasamia kama mtu aliye na hakika ya rafiki yake. Lavonne akasema keki ni nzuri.

"Mwambie tu," Shawna alimwambia jioni ile. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Nimeapa, Shawna. Nimeweka mkono."

Jumanne chumba kilikuwa na watu saba na mwandishi wa gazeti. Mhandisi alizungumza. Delmar akauliza kama kuna hoja. Twila alikuwa anavuta pumzi aseme, lakini Lavonne alitangulia, kwa sababu alijua akimsikia Twila kwanza hataweza.

"Natoa hoja daraja la Plum lifungwe. Kabisa. Leo."

Delmar alitazama mikono yake. "Naunga mkono," alisema.

Twila alimgeukia Lavonne, si mwenyekiti. "Siku tano," alisema. "Siku tano ulikuwa nalo hili kifuani."

"Sheria, Twila."

"Sheria! Ulikula keki yangu na hili kifuani!"

"Bi. Jindra," alisema Delmar.

"Nyamaza, Delmar. Wee Lavonne, wewe ndiye uliyemshika Verlyn. Ulikuwa pale. Unajua ni dakika ngapi."

"Ninajua."

"Basi ni Shawna. Umeangalia wako, wangu umemwacha."

Neno lile lilikuwa kweli kwa sehemu, na Lavonne hakujua sehemu ngapi. Walipiga kura. Wawili ndiyo, mmoja hapana. Kabla ya saa saba mchana matofali makubwa ya zege yalikuwa yamepangwa pande zote mbili za daraja.

Alhamisi iliyofuata Lavonne alioka sinia la skonzi za mdalasini, akazunguka maili zote kumi na moja. Gari la Twila lilikuwepo. Alibisha. Tangu wajuane alikuwa hajabisha mlango ule, akashangaa jinsi ulivyokuwa mgumu chini ya vidole. Pazia la jikoni lilitikisika. Alisubiri mpaka aibu ikamzidi, akaliacha sinia kwenye ngazi akarudi.

Sinia lilirudi baada ya siku nne, kwa mkono wa Marlys, kwenye ofisi ya karani. Limesuguliwa linang'aa. Lilikuwa tupu.

Kule sinia la mtu halirudi tupu. Hata ukiwa huna kitu utatia mayai mawili, au nyanya, au gazeti la zamani lenye picha ya mtoto wao. Marlys alilisukuma juu ya kaunta bila kumtazama Lavonne machoni.

"Labda alisahau," alisema Marlys.

"Hakusahau," alisema Lavonne, akaliweka chini ya kwapa.

Twila aliacha pia kidole. Walipopishana alishika usukani kwa mikono miwili, kama mwanafunzi wa udereva. Mikutanoni alisema "Kamishna Pospisil" na alipiga kura vizuri, na kazi ya kaunti iliendelea kama kawaida. Kiangazi kilipita hivyo. Mahindi yalirefuka yakalificha daraja. Mara mbili Lavonne alisikia ving'ora usiku akasimama dirishani mpaka alipojua vinaelekea kwingine. Gaylen aliacha kumtania.

Mwezi wa tisa, hana la kufanya, aliitoa ile ripoti ya mhandisi akaisoma upya. Kurasa kumi na tisa. Mara ya kwanza alisoma kwa hofu, na hofu ilimpeleka moja kwa moja kwenye tani. Sasa alisoma kidole chini ya kila mstari. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa na jedwali, na chini ya jedwali maandishi madogo. Alizungushia duara neno moja. Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Marlys kabla hajafungua.

"Hili neno ni nini?"

Marlys alivaa miwani. "Watu wa miguu. Anasema magari yasipite. Watu wa miguu wanaweza, kukiwekwa reli ya kushikilia, na ile nguzo ya tatu ikiegemezwa."

"Wangapi kwa mara moja?"

"Kumi na wawili."

"Machela na watu wanne wa kuibeba?"

Marlys alivua miwani.

Lavonne alimpigia mhandisi, akamtaka ayaweke kwa maandishi, naye akayaweka. Akaenda kwa watu wa ambulensi, akasimama na saa mkononi wakiujaribu mwendo mzima kwenye barabara nyingine. Ambulensi ifike upande wake wa kijito, wavuke kwa miguu na machela, hatua thelathini, upande wa pili pikapu ya Verlyn iwe tayari. Dakika kumi na moja. Si tisa. Lakini si ishirini na mbili za kuzunguka.

Hapo palibaki jambo moja. Angeweza kulileta mezani Jumanne kama mambo mengine yote, Twila akalisikia mbele ya watu saba na mwandishi wa gazeti, kama alivyolisikia lile la kwanza. Alikaa nalo siku moja. Kisha akamfuata Marlys tena.

"Nataka kuitisha mkutano maalumu."

"Lini?"

"Jumatano ijayo. Saa kumi na mbili asubuhi."

Kalamu ya Marlys ilisimama. "Jengo linafunguliwa saa mbili."

"Si hapa. Jikoni kwa Jindra."

"Lavonne."

"Sheria inasema mkutano utangazwe, ubandikwe, wewe uandike, na mtu yeyote aruhusiwe. Haisemi wapi. Nimeisoma mara tatu."

Kuitisha kulihitaji sahihi ya mwenyekiti. Delmar alilisoma tangazo akiwa amesimama, kofia mkononi.

"Huwezi kuitisha mkutano nyumbani kwa mtu bila ruhusa yake."

"Ruhusa yake ni mlango. Soma chini."

Chini iliandikwa: *Endapo mlango hautafunguliwa, mkutano utafanyika barabarani mbele ya sanduku la barua la Jindra.*

Delmar alikohoa. "Na hapa, ajenda. Cha kwanza, njia ya miguu juu ya daraja la Plum. Cha pili, kahawa."

"Ndiyo."

"Miaka kumi na sita niko kwenye kazi hii," alisema Delmar, akitafuta kalamu, "sijaalikwa kahawa na mtu."

Tangazo lilitoka gazetini, likabandikwa mlangoni kwa karani, posta, na kwenye ghala la nafaka. Kufikia Jumamosi kaunti nzima ililijua.

"Umetangaza ugomvi wako gazetini," alisema Gaylen.

"Nimetangaza mkutano."

"Na akikufungia mlango mbele ya watu wote?"

"Basi karani ataandika."

Twila hakupiga simu. Hakusema ndiyo wala hapana. Jumatatu walipishana karibu na ghala, na Lavonne aliangalia usukani wa Twila kwa makini. Mikono ilikuwa miwili.

Jumatano kulikuwa na umande mzito. Lavonne aliondoka mapema kwa zile maili kumi na moja, sinia la skonzi kwenye kiti cha pembeni, likiwa limefunikwa taulo. Alipofika palikuwa na pikapu nne karibu na sanduku la barua. Delmar alivaa kofia yake safi. Marlys alikuwa na daftari la kumbukumbu na blanketi mabegani. Msimamizi wa barabara alikuwepo, na mwandishi wa gazeti, na yule mwanamke wa jogoo, ambaye hakuwa na shida na daraja lolote lakini alisoma kwamba mwananchi yeyote anaruhusiwa. Wote walisimama mbali kidogo na nyumba, wakinong'ona, kama watu wa msibani wasiojua nani aingie kwanza.

Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Lavonne alipanda ngazi, akabisha.

Ikaja sauti ya Verlyn, ya kukwaruza, kutoka ndani: "Twila, serikali iko mlangoni."

"Nina macho, Verlyn."

"Basi niwafungulie?"

"Keti."

Delmar alitazama saa yake. "Saa kumi na mbili kamili," alisema kwa sauti ya kawaida ya mkutano. "Makamishna wawili wapo. Karani, andika."

Marlys aliandika. Mahali fulani ng'ombe alilia. Lavonne alihisi joto la sinia likipungua mikononi. Aliyatazama mabuti yake, akayatazama tena. Dakika ilipita, ikapita nyingine, na yule mwanamke wa jogoo akaanza kusema labda wahamie barabarani kama lilivyosema tangazo, Delmar akamwonyesha kwa mkono anyamaze.

Mlango wa mbao ulifunguka. Twila alisimama nyuma ya mlango wa nje, ule wa wavu, ambao ndoano yake ilikuwa bado imeingia. Alikuwa amevaa aproni. Nywele zilikuwa zimechanwa, na Lavonne aliliona hilo kabla ya lingine lolote.

"Someni ajenda," alisema Twila.

Marlys alifunua daftari. "Kipengele cha kwanza. Kufungua daraja la Plum kwa watu wa miguu. Reli pande mbili, nguzo ya tatu iegemezwe, barua ya mhandisi imeambatanishwa."

"Miguu tu?"

"Miguu na machela," alisema Lavonne. "Watu wanne na machela. Nimewapima kwa saa. Dakika kumi na moja mpaka hapa mlangoni kwako."

Nyuma ya Twila, Verlyn alikuwa amejitokeza na soksi, ameshika kizingiti, anasikiliza kama mtu anayesikiliza bei ya ng'ombe.

"Uliwapima mara ngapi?" aliuliza Twila.

"Tatu. Mara moja kukiwa na mvua."

"Na hili nalo umekaa nalo siku ngapi?"

"Kumi na mbili," alisema Lavonne. "Ndiyo maana nimekuja kwako kulisema."

Twila aliwatazama wote walio uani, mmoja baada ya mwingine, midomo ikitikisika kidogo, na Lavonne akajua anahesabu.

"Vikombe ninavyo sita," alisema. "Delmar atanywea bakuli."

Akainua ndoano.